Likishiba, Linalala

Pikapu ilizima palepale ilipozima Jumatatu, hatua chache baada ya daraja, pale mlima unapoanza. Haikupiga kelele. Ilikohoa mara tatu, ikatetemeka, ikanyamaza. Mume aliiachia irudi nyuma taratibu mpaka gurudumu likaegemea ukingo wa barabara. Nyuma yao, chini ya turubai, kreti arobaini za mikate zilikuwa bado na joto la tanuri.

Mke alishuka bila kuambiwa, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Jiwe hilo lilikuwa na mahali pake chini ya kiti, pamoja na kitambaa cha kufutia kioo. Alipomaliza alitoa daftari mkobani, akatazama saa ya simu, akaandika polepole, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo.

"Unaandika nini tena?" mumewe aliuliza kutoka ndani ya boneti.

"Kazi ya mwalimu."

"Mwambie mwalimu wako aje asukume."

Watoto wa shule waliokuwa wakivuka daraja walisimama kutazama. Walikuwa wameshalipa gari jina. "Tusukume! Tusukume!" waliimba, na mmoja akauliza kama leo watapewa mkate wakisukuma. Mke alicheka kidogo. Mume hakucheka. Alilegeza mirija, akaikaza. Alifungua chujio la dizeli, akalipuliza kwa mdomo, akalirudisha. Alipampu kwa ile pampu ndogo ya mkono mpaka kidole gumba kikafanya lengelenge. Gari lilinguruma kwa stata tu, kisha hata stata ikaanza kuchoka. Dakika arobaini zikapita hivyo.

Ndipo alipowashuku wezi. "Wamefyonza dizeli hawa!" Alizunguka nyuma, akakizungusha kifuniko cha tangi kwa mikono miwili, maana kilikuwa kimekaza sana, huku lori la kokoto likipita kwa kishindo na kummwagia vumbi. Akatumbukiza kijiti, akakitoa. Kijiti kililowa mpaka juu. Hakuna aliyeiba hata tone.

Akafunga kifuniko, akapampu tena kwa mkono bila imani yoyote, akawasha. Gari likawaka.

"Ona!" alisema kwa hasira, kana kwamba kuwaka nako ni tusi. "Linanichezea tu. Panda twende."

Mke alichukua jiwe lake, akapanda. Kabla hawajafika kona ya kwanza alikuwa ameandika na hilo.

Hospitalini mpishi mkuu aliwapokea mlangoni, mikono kiunoni. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuita watu walio mbali. "Wagonjwa wangu wamekunywa chai kavu," alisema. "Kuna mzee wodi ya tatu ameniuliza kama mkate naye amelazwa." Wahudumu wawili walicheka. Mume aliinama, akabeba kreti tatu kwa mpigo ingawa kawaida alibeba mbili.

Kule kwenye kiwanda cha mikate msimamizi hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliwaacha wasimame mbele ya meza yake mpaka alipomaliza kusaini karatasi zake.

"Tunaomba radhi, bosi. Pole sana kwa…"

"Mimi siuzi pole, mzee. Nauza mikate." Akaweka kalamu chini. "Wiki mbili tu, mara ya tatu hii. Kesho na keshokutwa atapeleka mwenye gari lingine. Jumatatu nawapa mara ya mwisho. Na sikupi wewe, nampa huyu mama. Sijaona mtu anapanga kreti kama yeye, hakuna mkate unaobonyea. Jumatatu mkikwama, msirudi hata kuaga."

Mke alisema ahsante. 

Mume alipofika nyumbani, kazi yake ya kwanza ilikuwa kufyonza dizeli kwa mpira kutoka kwenye tangi na kuijaza kwenye madumu. Kiwanda kiliwajazia tangi kila Jumatatu na Alhamisi, mafuta ya kuwatosha siku tatu, naye aliyalinda mafuta hayo kama dhahabu. Hakuwahi kupeleka gari gereji likiwa na dizeli. Fundi mmoja aliwahi kumrudishia gari limekauka kabisa, na tangu siku hiyo aliapa. Kila gari lilipozima, aliyamwaga mafuta kwenye madumu kwanza, akaacha kidogo ya kufikia gereji, kisha akaenda. Na kila mara huko gereji gari liliwaka vizuri, likapanda na kushuka, na mafundi wakamtazama kama mtu anayesingizia gari lake.

"Halina kitu hili," fundi mkuu alikuwa amemwambia Alhamisi iliyopita. Jumatatu alibadilisha kauli. "Ni pampu. Pampu za zamani zinachoka ghafla." Pampu iliyotumika ilipatikana kwa kuuza cherehani ya mke. Jumanne na Jumatano gari lilikwenda kama jipya, na mume akasema wamepona. Leo Alhamisi, limezima darajani.

Mama yake mume alikuwa barazani akichambua mchele kwenye sinia. Macho yake hayakuwa na nguvu tena, lakini vidole viliona kila jiwe.

"Limezima tena?"

"Limezima, mama."

"Na mlilijaza mafuta?"

"Limejazwa pomoni."

Bibi akatikisa sinia. "Basi gari lenu ni kama marehemu baba yako. Likishiba, linalala."

Mke aliziba mdomo kwa kanga asicheke. Mume alifunga dumu la mwisho, akafuta mikono, akasema bila kumtazama mtu yeyote, "Mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja Jumamosi saa nne. Nimeshaongea naye."

 Mchele ulisikika ukianguka kwenye sinia.

"Na Jumatatu?" mke aliuliza.

"Jumatatu sitasimama tena darajani nikiimbiwa na watoto. Hapana. Nitatafuta kibarua."

"Baba watoto, kibarua cha nani? Hiyo pikapu ndiyo chakula chetu, ndiyo ada ya binti yetu kule bwenini."

"Kwa hiyo nifanye nini? Nilisukume mpaka hospitalini? Au nilisomee daftari lako?"

 Mke aliingia chumbani, akapiga magoti pale ilipokuwa cherehani mpaka Jumatatu, ambapo saruji ilikuwa bado na alama nne za miguu ya chuma. Alikuwa mtu wa kuomba tangu utoto, na hakuwa na maneno mengi. "Mungu wangu," alisema, "sikuombi ulitengeneze. Umetupa mafundi kwa kazi hiyo. Nifungulie macho tu nione kinachoonekana." Kisha akaongeza, "Na umlinde mume wangu na aibu. Inamla."

*

Ijumaa darasa la jioni lilifanyikia kwenye shule ya msingi, watoto wakishaondoka. Madawati yalikuwa madogo, na watu wazima walikaa magoti yakiwa yameinuka karibu na kidevu. Kulikuwa na muuza mkaa, mlinzi wa benki, akina mama watano wa sokoni, na kwenye dawati la nyuma kabisa fundi magari mmoja wa makamo ambaye kila mtu alimwita Spana. Mikono yake aliiosha kwa sabuni ya unga kabla ya kuja, lakini mistari ya viganja ilibaki myeusi. Hakuwa na gereji. Alitengeneza magari chini ya ukuta wa godauni, na wenye haraka hawakwenda kwake kwa sababu alichukua nusu saa nzima akiuliza maswali kabla ya kugusa kitu.

Mwalimu alikuwa msichana mdogo kuliko wanafunzi wake wote. Siku kumi na moja zilizopita aliwapa zoezi: kila mtu achague kitu kimoja anachokiona kila siku, akiandike kwa siku kumi. Muuza mkaa aliandika bei. Mlinzi aliandika viatu vya watu wanaoingia benki, akapigiwa makofi.

"Haya, mama, zamu yako."

Mke alisimama. Alifungua daftari. "Nimeandika gari," alisema.

"Soma tu, mama. Usituogope."

Akasoma, kidole kikifuata maneno.

"Siku ya kwanza. Jumatatu. Kiwanda kimetujazia tangi. Mlimani dizeli ilimwagika kwenye kifuniko, kwa sababu kifuniko chetu kiliibwa, na hiki ni cha gari lingine. Tumefika salama. Msimamizi amesema kreti zinanuka dizeli. Jioni baba watoto amekitengeneza kifuniko vizuri sana.

"Siku ya pili. Jumanne. Hatukuongeza mafuta. Tumefika. Lilipiga chafya mara mbili karibu na machimbo ya mawe.

"Siku ya tatu. Jumatano. Tumefika. Halikupiga chafya.

"Siku ya nne. Alhamisi. Tumejaza tangi. Limezima baada ya daraja, dakika ya ishirini. Tumekaa sana. Baba watoto akafungua tangi kuchungulia, akafunga. Likawaka."

Mtu mmoja akanong'ona, "Jina lake si Tusukume hilo?" na darasa likaangua kicheko. Mke alisimama na kidole juu ya neno, asijue kama aendelee.

"Acheni mama asome," sauti ilisema kutoka nyuma. Spana alikuwa amesimama, dawati dogo likiwa limemnasa mapajani. "Dada, endelea. Polepole."

Akaendelea. Siku ya tano na ya sita, tangi lina mafuta kidogo, wamefika. Siku ya saba, Jumatatu, tangi limejaa, limezima dakika ya kumi na nane. Mume aliacha gari likae saa nzima, likawaka lenyewe. Pampu imebadilishwa. Siku ya nane na ya tisa, mafuta kidogo, wamefika. Siku ya kumi, tangi limejaa, limezima. Limefunguliwa tangi, likawaka.

"Basi," alisema. "Mwisho."

Hakuna aliyecheka tena. Mwalimu, aliyekuwa ameshika kalamu nyekundu, aliiweka chini.

"Dada," Spana aliuliza, "huko gereji, gari lilikwenda na mafuta kiasi gani?"

"Kidogo sana. Baba watoto huyamwaga kwanza, yasiibwe."

Spana aliangalia dari kama mtu anayehesabu. "Kwa hiyo tangu siku ya pili hakuna fundi hata mmoja aliyewahi kuliona likiwa limejaa?"

"Hakuna."

"Na kile kifuniko. Alikitengenezaje?"

"Alikata mpira wa tyubu, akauweka ndani. Halafu kulikuwa na kitundu kidogo juu, akakiziba na gundi ya chuma ili harufu isitoke. Alifanya kazi nzuri kweli."

Spana alijichomoa dawatini, akaja mbele. "Mwalimu, samahani, naomba chupa yako ya maji." Aliichukua ile chupa ya plastiki iliyojaa, akaifunika mdomo kwa midomo yake bila kuacha nafasi, akafyonza. Funda la kwanza likapita. La pili, chupa ikajikunja mbavu, kra! La tatu halikuja. Mashavu yake yalibonyea, macho yakamtoka, darasa likacheka. Akaachia, hewa ikaingia chupani kwa mluzi.

"Mdomo wangu ndiyo pampu," alisema. "Chupa ndiyo tangi. Tangi linatoa dizeli, lazima liingize hewa mahali pake. Kile kitundu alichokiziba mzee ndicho pua yake. Tangi likiwa na mafuta kidogo, lina hewa nyingi ndani, litavumilia mpaka ufike. Likiwa limejaa, halina akiba ya hewa. Dakika ishirini tu, pampu inafyonza, haipati kitu. Ukikaa saa nzima, hewa inapenya kidogo kidogo, linawaka. Ukilifungua, linawaka papo hapo."

Muuza mkaa akasema, "Kwa hiyo likishiba…"

"Linakosa pumzi."

Mke alikaa chini. Alikuwa akifikiria sinia la mchele na maneno ya mkwewe.

"Ila dada," Spana alisema akimwinamia, sauti ya chini, "naweza kuwa nimekosea. Lazima tulione. Kesho nitakuja mapema. Na mzee usimwambie habari ya kifuniko. Mwache asikie kwa sikio lake."

"Mimi nilikuwa naandika tu, fundi. Sikujua naandika nini."

"Mimi nimetengeneza magari miaka ishirini na sita," Spana alisema, "na hakuna mwenye gari hata mmoja aliyewahi kuniletea gari na siku zake kumi. Wote wananiambia, linazima tu."

*

Jumamosi Spana alifika saa tatu na nusu, mikono mitupu. Mnunuzi wa vyuma alikuwa ameshatangulia. Alizunguka pikapu akiigonga kwa kifundo cha kidole, mlango, bodi, boneti, kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Kutu imekula hapa," alisema. "Na hapa. Huku chini ndiyo usiseme. Hii naichukua kwa uzito wa chuma tu, mzee wangu, maana gari si gari tena."

Mume alisimama mikono mifukoni. Alikuwa amelala kidogo, na ndevu hakunyoa.

"Baba watoto," mke alisema. "Huyu ni fundi, tunasoma naye. Naomba safari moja mpaka darajani."

"Fundi huyu vifaa vyake viko wapi?"

"Leo nimekuja na masikio tu, mzee," Spana akajibu.

Mnunuzi alicheka kwa sauti. Macho ya mume yakawa mekundu. "Mke wangu, mbele ya watu! Nimeshakubaliana na mtu, nimempa neno langu. Mafundi watatu wamelishika gari hili. Huyu anatengenezea magari ukutani kwa godauni, ndiye atakayejua?"

Spana hakukasirika. Ukweli ni kwamba alifanyia kazi ukutani kwa godauni.

Kutoka barazani bibi akaita, "Mpe safari moja, wewe! Mimi baba yako nilimpa miaka thelathini."

Mnunuzi alicheka tena, safari hii bila dharau. "Mpe, mzee wangu. Mimi sina haraka. Hata likizima, nitalivuta kutoka hukohuko."

"Ila tulijaze kwanza," Spana alisema.

"Nilijaze? Gari ninaloliuza?"

"Mpaka juu kabisa. Kama siku ya mikate."

Mume alimtazama mkewe. Akaona kwamba hakuwa akilia wala kubembeleza. Alikuwa amesimama wima na daftari kifuani, kama mtu aliyekwenda ofisini na barua yake mkononi. Kwa miaka ishirini ya ndoa hakuwahi kumwona amesimama hivyo. Akaenda kuleta madumu. Walimimina moja, la pili, la tatu, mpaka dizeli ikaonekana shingoni mwa tangi. Mume akafunga kifuniko kwa nguvu zake zote, kama kawaida yake.

Walikwenda mume na mke mbele, Spana na mnunuzi nyuma wameshika vyuma. Gari lilikwenda vizuri. Lilipita soko, likapita shule, likapita kituo cha mafuta. Mume alianza hata kuogopa kwamba halitazima, na aibu itakuwa ya namna nyingine. Mke alikuwa na simu mkono mmoja na kalamu mwingine. Midomo yake ilikuwa ikitembea, lakini hakuwa akisoma.

Walivuka daraja. Gari likakohoa mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Likanyamaza.

"Hewaa!" mnunuzi alipiga makofi kule nyuma. "Nileteeni kamba!"

Mume aliweka mkono kwenye mlango ili akafungue boneti.

"Mzee, boneti iache," Spana alisema dirishani. "Dada, dakika ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Vizuri. Mzee, nakuomba uje huku nyuma. Weka sikio hapa kwenye kifuniko, halafu ukifungue taratibu. Taratibu kabisa."

Barabara ilikuwa tupu, hakuna lori, hakuna watoto. Mume aliinama. Uso wake ulikuwa karibu na chuma chenye kutu, na kutoka pale mke aliweza kuona nywele zake za kisogo zilivyoanza kuwa nyeupe. Akazungusha.

Tangi likavuta pumzi. Ilikuwa sauti ndefu, fyuuuuuu, kama mtu aliyezama mtoni akatoa kichwa juu ya maji. Ilidumu kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Hata mnunuzi alishuka kuja kusikiliza. Ilipokoma, mume alibaki ameinama na kifuniko mkononi. Alikigeuza. Akaona mpira wake wa tyubu, ulivyokatwa duara safi. Akaona gundi yake, ilivyopigwa msasa ikalainika.

"Niliisikia hata Alhamisi," alisema polepole. "Lori lilikuwa linapita, nikadhani ni upepo wa lori."

Akaigusa gundi kwa ukucha.

"Nimelinyonga mwenyewe," alisema.

Hapo ndipo Spana alipofanya jambo ambalo mke hakulisahau. Fundi mwingine angecheka, au angeuliza malipo. Yeye alichukua kile kifuniko, akakipeleka kwenye mwanga, akapitisha kidole pembeni mwa mpira. "Mzee, nimeona vifuniko vingi," alisema. "Hiki umekifunga kuliko wanavyofunga kiwandani. Kazi safi. Kosa lako ni usafi tu. Hukutaka wagonjwa wale mkate unaonuka." Akakirudisha juu ya tangi, akakilegeza nusu mzunguko. "Kapampu kwa mkono, uwashe."

Likawaka. Wakapanda mlima. Walipita machimbo ya mawe, wakapita nguzo za umeme, wakafika mpaka lango la hospitali, wakageuza, wakashuka. Halikupiga hata chafya.  Waliposimama mbele ya nyumba mnunuzi wa vyuma alishuka, akajifuta vumbi, akamvuta Spana pembeni.

"Fundi," alisema, "lori langu nalo lina homa. Asubuhi haliwaki mpaka lisukumwe. Unaweza kuja kulisikiliza?"

"Naweza. Ila kwanza andika siku kumi."

"Niandike mimi?"

"Kama hujui kuandika, darasa liko saa kumi na moja jioni."

Bibi alitaka kuelezwa kila kitu kuanzia mwanzo. Alipoelezwa, aliweka sinia chini. "Si niliwaambia Alhamisi? Nilisema likishiba linalala. Mngenisikiliza mimi, cherehani isingeuzwa."

Neno hilo lilianguka katikati yao. Pampu ya zamani, ile waliyoitupa, ilikuwa nzima muda wote. Mume alimtazama mkewe. "Cherehani," alisema.

"Cherehani ilishakwenda," mke alijibu. "Nenda kalete drili kwa jirani, fundi atoboe hicho kitundu."

Spana alikitoboa kwa sindano ya drili nyembamba, kisha akachomeka kijibomba cha shaba alichokikunja juu kama shingo ya bata, ili hewa iingie na dizeli isimwagike mlimani. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Alipoulizwa bei, alijikuna kichwa.

"Dada atanisaidia na herufi," alisema. "Kwangu 'ng' na 'ny' bado zinagombana."

*

Jumatatu msimamizi alikuwa mlangoni kabla ya wao kufika. Alitazama tangi likijazwa mpaka juu. Akainama, akanusa kifuniko, akanusa kreti, akakunja uso kama mtu aliyekosa anachokitafuta. "Nendeni," alisema. "Saa moja na nusu nampigia mpishi simu."

Mume aliendesha akiwa ametega masikio. Kila sauti ya injini aliisikia, hata zile zisizokuwepo. Walipita soko, shule, kituo cha mafuta. Daraja lilipoonekana, mikono yake ilikaza usukani. Watoto wa shule walikuwa pale, wamejipanga ukingoni, mikoba mgongoni, wakisubiri.

"Tusukume! Tusuku…"

Pikapu iliwapita. Injini ilishika mlima kwa sauti nzito, isiyopungua. Kwenye kioo cha pembeni watoto walizidi kuwa wadogo, mmoja bado ameinua mkono kama mtu aliyeshtuka akiwa katikati ya wimbo.

Kona ya kwanza. Ya pili. Machimbo.

"Andika," mume alisema ghafla.

Mke alikuwa amekaa na mikono mapajani. Siku kumi za mwalimu zilikuwa zimekwisha, na daftari lilikuwa mkobani. "Niandike nini?"

"Andika kwamba limepita." Alibadilisha gia. "Na saa, usisahau saa. Na tangi."

Akafungua mkoba. Gari lilikuwa likitikisika, na herufi zilikwenda juu na chini, lakini zilisomeka.

*Jumatatu. Saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano. Tangi limejaa. Hatukusimama.*

"Nisomee," mume alisema.

Akamsomea. Hospitalini, yule mzee wa wodi ya tatu alikuwa ameshaanza kuuliza kama mkate umepata nafuu.